Bi mkubwa wa miaka 71, vidonge vya bakteria na kukaa na njaa masaa 16

Swali limetoka kwa kijana mmoja yuko Dar, mama yake anaishi Moshi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71, ana sukari na presha. Anameza metformini, glibenklamidi na amlodipini, na kila siku omeprazoli maana tumbo linawaka. Tangu mwaka jana choo kinamsumbua, anakaa siku tatu mpaka nne, kikija ni kigumu, na tumbo linajaa gesi. Kuna mama anasali naye kamuuzia kichupa cha probiotiki sh 90,000, dozi ya mwezi mmoja, akamwambia uzeeni bakteria wazuri wanaisha wote, kwa hiyo ameze hivyo vidonge na afanye fastingi ya masaa 16, asile kitu mpaka saa 6 mchana, utumbo utajisafisha uwe kama wa kijana. Ameanza juzi. Aendelee au aache?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na lile lisiloweza kusubiri. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu bi mkubwa, mwambie kesho asubuhi anywe chai na ale kama alivyozoea, na dawa zake aendelee nazo pamoja na chakula. Hiyo fastingi aiache leo. Vidonge vya bakteria tutavizungumza, havina haraka, ila glibenklamidi, ile dawa yake ya sukari, na tumbo tupu mpaka saa 6 mchana ni hatari ya kweli kabisa.

Glibenklamidi, wengine wanaijua kwa jina la Daonil, kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini inayoshusha sukari, na inalikamua umekula hujakula. Haitoki mwilini haraka, na figo za mtu wa miaka 70 hazina kasi ile ya zamani kwa hiyo inakaa zaidi. Ndo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa aliyevuka miaka 60, na ukiniuliza mimi hilo peke yake ni sababu ya mama kwenda kliniki kumwomba daktari wake ambadilishie, mara nyingi wanahamia gliklazidi.

Nilishampokea bibi mmoja wa miaka 74, saa 4 asubuhi, wajukuu wawili wamemshusha kwenye bajaji, khanga imelowa jasho utadhani kanyeshewa. Nikamshika mkono, wa baridi. Akaniangalia usoni akaniita jina ambalo si langu, binti yake akaanza kulia, akasema hilo ni jina la dada yake aliyefariki zamani. Nyumbani wote walishaamua ni kiharusi. Tukamtoboa kidole, sukari 2.1, iko chini mno. Tukamwekea glukosi kwenye mshipa na haikuchukua muda akauliza, "Viatu vyangu viko wapi?" Alikuwa siku ya tano ya fastingi, dawa kameza saa 12 asubuhi kama ilivyoandikwa kwenye bahasha, chakula kakipangia saa 6. Hakuna aliyemdanganya kwa ubaya, aliambiwa na mtu anayempenda, na ndo maana naandika kwa urefu hivi, kwa sababu ushauri huu unazunguka kwa mapenzi kabisa kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mama mwingine.

Sasa tuje kwenye utumbo wenyewe maana swali la mama ni la msingi, choo kinamtesa na lazima apate jibu.

Hiyo habari ya "utumbo kujisafisha" ina ukweli ndani yake. Utumbo mwembamba ukiwa mtupu una ufagio wake, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi linapita wimbi la misuli kuanzia tumboni linashuka mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, linasukuma mabaki na bakteria kwenda kwenye utumbo mpana wanakotakiwa kukaa. Ile ngurumo ya tumbo ukiwa na njaa mara nyingi ndo huo ufagio unapita. Ukila chochote, hata chai ya maziwa na andazi moja saa 4 usiku, ufagio unasimama. Kwa hiyo kuupumzisha utumbo usiku ni jambo jema na mi naliunga mkono kwa wazee wengi, lakini hesabu yake haihitaji masaa 16. Mama akimaliza kula saa 1 usiku na kunywa chai saa 1 asubuhi, hayo ni masaa 12, chakula kitachukua masaa manne matano kushuka, yanayobaki yanatosha ufagio kupita mara 3 au 4 amelala zake.

Alafu kuna kitu ambacho wauza vidonge hawasemi kabisa. Choo kigumu si tatizo la utumbo mwembamba, ni la utumbo mpana, na utumbo mpana hausukumwi na njaa, unasukumwa na CHAKULA. Mtu akiamka, utumbo mpana unaamka naye, akiweka kitu cha moto tumboni na chakula juu yake, tumbo linapotanuka linatuma taarifa chini na utumbo mpana unaanza kubana kusukuma mzigo. Hiyo ya asubuhi ndo nafasi bora kuliko zote za siku nzima ya kupata choo. Sasa mzee mwenye shida ya choo unamwambia aruke chai ya asubuhi, maana yake umemnyang'anya nafasi yenyewe. Wengi wanaokuja kuniambia "dokta tangu nianze fastingi choo ndo kimekataa kabisa" tukirudisha chai ya asubuhi nusu ya kazi inakuwa imeisha.

Kwa hiyo kwa mama mi ningeanza hivi. Asubuhi chai au uji wa ulezi wa moto, na kitu cha kutafuna, akishamaliza akae kama dakika 20 halafu aende chooni, hata kama hasikii haja, akae bila haraka na bila kujikamua, dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Kama choo ni cha kukaa awe na kigoda chini ya miguu magoti yapande juu kidogo, njia inanyooka. Afanye kila siku saa ile ile. Utumbo unafundishika hata ukiwa na miaka 71.

Kabla hata ya bakteria, tuangalie dawa anazomeza, maana hapo ndo watu hawaangalii. Amlodipini, ile ya presha, kwa baadhi ya watu inafunga choo. Vidonge vya kuongeza damu vinafunga sana, kama anavyo useme. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramado zinafunga zaidi ya zote. Sukari yenyewe ikikaa juu miaka mingi inachosha neva za utumbo, unakuwa mzito. Metformini yenyewe mara nyingi inaleta gesi, hasa ikimezwa bila chakula. Na omeprazoli ya kila siku, hiyo wazee wengi wananunua duka la dawa wenyewe, mwaka wa tatu huu, wa nne huu, hakuna aliyewaambia waendelee wala waache. Tindikali ya tumbo, ambayo omeprazoli inaipunguza, ni geti, inaua vijidudu vinavyoingia na chakula, ukilifungua geti miaka yote bakteria wa mdomoni wanashuka mpaka utumbo mpana wanapanga huko. Pia omeprazoli na metformini zote mbili zinapunguza vitamini B12, na uzeeni tumbo lenyewe linaivuna kwa shida, kwa hiyo mama apimwe B12 au angalau daktari alijue hilo, hasa kama anasikia ganzi miguuni. Asiiache omeprazoli ghafla, tindikali itarudi kwa hasira, inapunguzwa taratibu na daktari akijua.

Na haya nayasema kwa msisitizo: choo kilichobadilika tabia baada ya miaka 50 kinataka uchunguzi. Muulize mama kwa upole, kama unaona aibu mtume dada yako amuulize, je kuna damu, je choo cheusi kama lami, je amepungua uzito bila kutaka, je anachoka akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda vizuri, damu imepungua? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote hapo asimeze kidonge chochote cha bakteria, aende hospitali kubwa wamwangalie, na Moshi mna bahati mna KCMC hapo hapo. Saratani ya utumbo mpana ikiwahiwa inatibika.

Haya, vidonge. Wazo la bakteria wa maziwa na uzee ni la zamani kuliko tunavyodhani. Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, ndo aliandika kwamba wazee wa Bulgaria wanaishi sana kwa sababu ya maziwa yaliyoganda, na yeye mwenyewe akawa anayanywa kila siku. Alifariki 1916 akiwa na miaka 71, umri wa mama yako. Aliona mlango sahihi, ila tangu siku hizo mpaka leo watu wanauza zaidi ya kile ushahidi unachobeba.

Probiotiki kwa maana ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, tangu 2001 ni vijidudu hai ambavyo ukivipata kwa kiasi cha kutosha vinakupa faida ya kiafya. Neno zito hapo ni faida, na faida inapimwa kwa bakteria mmoja mmoja. Ni kama kumtafuta mtu Moshi, huwezi kusema tu namtafuta Mchaga, utasema wa Machame, wa kijiji fulani, mtoto wa mzee fulani. Kichupa kinachosema tu "Laktobasili bilioni 10" kimekutajia kabila tu. Kama hakina mpaka ile herufi na namba ya mwisho inayomtambulisha bakteria mwenyewe, hujui unanunua nini.

Na kwa wazee hasa, kuna utafiti mkubwa ulifanyika Uingereza, unaitwa PLACIDE, ulitoka kwenye jarida la Lancet 2013. Walichukua wagonjwa karibu 3,000 wa miaka 65 kwenda juu waliolazwa na wanatumia antibiotiki, nusu wakapewa mchanganyiko wa Laktobasili na Bifidobakteria, makundi mawili ya bakteria yanayouzwa sana kwenye vichupa hivi, kwa dozi kubwa, nusu vidonge vitupu, kuona kama watakingwa na kuharisha. Hakukuwa na tofauti ya maana. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani, AGA, kikapitia ushahidi wote na kikabakiza sehemu chache sana za kushauri probiotiki, kwa mfano watoto njiti na baadhi ya watu walio kwenye antibiotiki. Choo kigumu cha mama wa miaka 71 hakimo.

Na ile kauli aliyoambiwa mama, kwamba uzeeni bakteria wazuri wanaisha wote, wengine wanawataja kabisa Bifidobakteria, nayo nataka tuitazame na mfano wa hapa hapa kwetu. Wahadza wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, asali na nyama ya pori, watafiti walipima choo cha watu 27 wakachapisha 2014, wakakuta aina nyingi za bakteria kuliko Wazungu waliolinganishwa nao, na hao Bifidobakteria kwa watu wazima hawakuwaona kabisa. Yaani hakuna bakteria mmoja ambaye akikosekana utumbo umekufa. Kinachoonekana tena na tena ni wingi wa aina, na wingi huo unafuata chakula. Ireland nako walipima wazee 178, matokeo yakatoka kwenye jarida la Nature 2012, wazee walioko kwenye nyumba za kutunzwa muda mrefu walikuwa na aina chache za bakteria na walikuwa dhaifu zaidi kuliko wazee wenzao wanaoishi majumbani kwao, na mlo wa huko kwenye nyumba za kutunzwa ulikuwa finyu. Wote walikuwa wazee, sahani ndo ilikuwa tofauti.

Sahani ya Moshi basi. Kuna utafiti umetoka kwenye jarida la Nature Medicine 2025 uliofanyika Kilimanjaro na wanasayansi wa huko pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, mi nilivyousoma nilifurahi sana. Vijana wa kiume 77. Wa kijijini waliozoea chakula cha asili wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, soseji, mkate mweupe, chipsi, na wa mjini wakapelekwa upande wa pili, ndizi, maharage, mboga, nafaka za asili, kundi lingine likanywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kizungu alama za uvimbe ndani ya damu, dalili kwamba mwili unawaka ndani kwa ndani, zilipanda na kinga yao ikajibu vijidudu kwa ulegevu, waliorudi kwenye chakula cha asili na wanywa mbege zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Sasa hao ni vijana wazima, mama ni mzee mwenye sukari, kwa hiyo usikimbie kumnunulia mbege, ina pombe na ina sukari. Ila chakula alicholelewa nacho, kiburu cha maharage na ndizi mbichi, mboga za majani, uji wa ulezi, hicho ndo bakteria wake wanakijua. Nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya wao wanazichachisha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. WHO wanasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinakupa zaidi ya gramu 10.

Lakini taratibu, maana mama ana gesi tayari. Ukimpakulia maharage bakuli zima kesho atakulaumu. Aanze vijiko vitatu vinne kwa siku, aongeze kila baada ya siku kadhaa, maharage yalowekwe usiku kucha na yale maji yamwagwe, na maji ya kunywa yaongezeke pamoja na nyuzinyuzi, isipokuwa kama daktari alishampunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Nyuzinyuzi bila maji zinakuwa kama tope lililokauka.

Kuhusu vilivyochachuka, hapa sina wasiwasi naye. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 2021 walifanya utafiti mdogo wa watu 36, wale waliokula vitu vilivyochachuka kwa wiki 10, mtindi na wenzake, aina za bakteria ziliongezeka na protini 19 za uvimbe kwenye damu zikashuka. Walikula kwa wingi, kama mara sita kwa siku, mama hahitaji kufika huko, kikombe kimoja au viwili vya mtindi usio na sukari vinamtosha na vinampa protini pia. Wengi wetu ukubwani maziwa yasiyoganda yanatujaza gesi ila mgando tunauweza, kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa na wengine wanaendelea kuisaga tumboni. Na si lazima kitu kizuri kitoke mbali kwenye chupa, Mwanza tangu 2004 akina mama wa mtaani wanatengeneza mtindi wa probiotiki wenye bakteria anayejulikana kwa jina kamili, wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada.

Nyumbani anatengeneza hivi. Maziwa yachemke kabisa, hilo halina mjadala, maziwa ambayo hayajachemshwa yanaweza kuwa na brusela, kijidudu cha homa, na kwa mzee homa yake inakaa miezi. Yapoe mpaka akichovya kidole kisafi anavumilia kuhesabu kumi. Achukue vijiko viwili vya mtindi mzuri wa dukani usio na sukari wala ladha, auvuruge na maziwa kidogo pembeni kwanza, arudishe kwenye sufuria, afunike, azungushie kitenge kizito aweke mahali pa joto usiku mzima, Moshi kipindi cha baridi labda karibu na jiko. Asubuhi umeshika. Vijiko viwili anabakiza vya kesho, akiona rangi ya pinki au harufu ya ajabu anamwaga wote anaanza upya.

Narudi kwenye masaa 16 kwa sababu najua kuna atakayesema, mbona kuna Nobel ya fastingi? Ile ya 2016 ya Yoshinori Ohsumi ilikuwa ya jinsi seli inavyokula takataka zake yenyewe, na kazi kubwa aliifanya kwenye hamira, ndo hiyo hiyo ya maandazi. Ni sayansi nzuri sana, lakini haikusema bibi asinywe chai. Kwa binadamu, San Francisco walijaribu kufunga masaa 16 na kula ndani ya masaa 8 kwa watu 116 kwa wiki 12, ikachapishwa 2020, uzito ulipungua kidogo tu, na kwa wale waliopimwa kwa undani sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta, ilikuwa nyama ya mwili. Kijana akipoteza kilo moja ya misuli atairudisha. Mama wa miaka 71 hiyo kilo ndo inayomwinua kitandani na kumzuia asianguke bafuni.

Piga hesabu mwenyewe. Mzee anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, mama akiwa na kilo 58 ni kama gramu 58 mpaka 70 kwa siku, kama figo zake ziko sawa. Yai moja lina gramu 6. Akila mara mbili tu kwa siku inabidi kila mlo uwe kama mayai matano, na wazee hawali hivyo, wanakula kidogo wanasukuma sahani. Ndo maana nataka milo mitatu midogo, yai au dagaa au mtindi au maharage kila mlo. Ukienda likizo mwambie akae kwenye kiti, mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, wewe uhesabu kwa simu. Ikizidi sekunde 15 misuli inapungua, hapo habari ya kufunga isitajwe kabisa mpaka apate nguvu.

Wasomaji Waislamu wenye wazazi wa sukari wataniuliza kuhusu Ramadhani, kwa kifupi waende kliniki mwezi mmoja au zaidi kabla, dawa na muda wake vipangwe upya, na mzee asiyeweza dini imeshampa ruhusa na fidia yake, asilazimishwe na macho ya watu.

Hicho kichupa mlichoshalipia sh 90,000, kama mama hana shida ya kinga, hayuko kwenye dawa za saratani wala hana mpira kwenye mshipa mkubwa, kwa kawaida hakidhuru, anaweza kukimaliza, asubuhi baada ya chakula. Ila mpe kalenda ya ukutani na kalamu, kila siku aliyopata choo aweke alama, kama kilikuwa kigumu aweke alama mbili. Ila kama ana haraka ya kujua kipi kimemsaidia, chai ya asubuhi na kigoda vianze wiki hii na kichupa kisubiri wiki mbili, ndo kalenda itasoma vizuri. Wiki nne za kichupa zikiisha na alama hazijabadilika asinunue kingine, hiyo hela inanunua mayai na maziwa. Na siku ya kliniki aende na hiyo kalenda pamoja na mfuko wenye dawa zake zote, hata zile za kienyeji zilizo kwenye chupa ya maji, amwagie daktari mezani, glibenklamidi iwe ya kwanza kuulizwa.